Jasho la Mcheza Gofu na Mlango wa Klabu

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Viongozi wetu huipenda methali hii wanapozungumza na vijana: jitumeni, vumilieni, nanyi mtafika. Historia ya mazoezi ya mwili katika mchezo wa gofu inaithibitisha methali hiyo, lakini pia inaibua swali ambalo methali yenyewe haikuligusa: ni nani aliyeruhusiwa kuingia chumbani hata apate nafasi ya kuinama?

Hadi katikati ya karne ya 20, wacheza gofu wengi waliamini kwamba kunyanyua vyuma ni kuuharibu mchezo. Misuli minene, walidai, hukaza mabega na kumnyima mchezaji wepesi wa kuzungusha fimbo. Mmarekani Frank Stranahan, bingwa wa Uingereza wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1948 na 1950, alionekana kioja kwa kusafiri na vyuma vyake vya mazoezi.

Aliyeibomoa imani hiyo zaidi ya wengine ni Gary Player wa Afrika Kusini, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1935, mtoto wa mfanyakazi wa mgodi wa dhahabu. Alikuwa mfupi kuliko wengi wa washindani wake, naye akaona kwamba asipoujenga mwili hataweza kuwafikia kwa umbali wa mpira. Alinyanyua vyuma, akakimbia, akaimarisha miguu, tumbo na mgongo, akachunga mlo wake. Alikuwa sahihi, kwa maana nguvu ya pigo la gofu haianzii mikononi. Huanzia miguuni inapokanyaga ardhi, hupanda hadi nyonga, hupita kiwiliwili kinachojizungusha, ndipo hufika kwenye fimbo. Mwaka 1965 Player alikuwa mtu wa tatu katika historia kutwaa mashindano makuu yote manne. Mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 42, aliianza siku ya mwisho ya Masters akiwa nyuma kwa mapigo 7, na bado akaibuka mshindi.

Masimulizi mengi huishia hapa, yakatuachia somo la nidhamu. Tusiishie hapa.

Katika nchi hiyohiyo aliishi Sewsunker Sewgolum, maarufu kwa jina la Papwa, Mwafrika Kusini wa asili ya Kihindi. Utotoni alikuwa akiwabebea wachezaji mikoba ya fimbo, kazi ambayo yenyewe ni zoezi la miguu na mgongo. Alijifunza gofu pasipo mwalimu, akishika fimbo kwa mikono iliyopishana kinyume cha desturi. Alitwaa ubingwa wa wazi wa Uholanzi mwaka 1959, 1960 na 1964. Aliposhinda mashindano ya wazi ya Natal mjini Durban mwaka 1963, alikabidhiwa kombe nje, mvua ikinyesha, kwa kuwa ubaguzi wa rangi haukumruhusu kuingia katika jengo la klabu. Mwaka 1965 alishinda tena Natal, na miongoni mwa aliowashinda alikuwamo Player mwenyewe. Baadaye serikali ikamzuia kushiriki mashindano hayo. Alifariki mwaka 1978, mwaka uleule ambao mwenzake alikuwa akishangiliwa Marekani.

Player naye hakuwa nje ya siasa. Katika kitabu chake cha mwaka 1966 aliiunga mkono Afrika Kusini ya Verwoerd, na mwaka 1969 alikabiliwa na waandamanaji akiwa uwanjani Marekani. Baadaye aliukana ubaguzi, na mwaka 1971 alimwalika Mmarekani mweusi Lee Elder kucheza nchini mwake. Haki inatutaka tuyataje yote mawili.

Wala Marekani haikuwa safi. Chama cha wachezaji wa kulipwa kiliwazuia watu weusi kwa katiba yake hadi mwaka 1961. Huko Augusta, kunakochezwa Masters, watu weusi walibeba mikoba kwa miongo kadhaa kabla ya Elder kuruhusiwa kushindana mwaka 1975. Mwaka 1997 Tiger Woods, kijana mweusi wa miaka 21, alishinda hapo kwa tofauti ya mapigo 12. Nguvu za mwili wake ziliwasukuma wachezaji wa kizazi kilichofuata kuingia katika kumbi za mazoezi.

Sisemi kwamba jasho la Player lilikuwa la bure. Ninachosema ni kwamba mazoezi humwandaa mtu kwa ajili ya nafasi, lakini hayaiumbi nafasi yenyewe. Nchini Kenya, wachezaji wengi wa kulipwa walianzia kwenye kubeba mikoba ya wengine, na walifika mbali pale tu waliporuhusiwa kuutumia uwanja.

Kwa hiyo mtumishi wa umma anayepanga bajeti ya michezo, elimu au ajira, kabla ya kuwahimiza vijana wainame, na aukague kwanza mlango. Akiukuta umefungwa, ufunguo uko mikononi mwake, wala si katika misuli yao.