Mpaka Uliotungwa kwa Maneno

Mpaka kati ya Illasit, Kenya, na Tarakea, Tanzania, ulianzia kwenye karatasi. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana: kutoka Mto Umba unapoingia baharini hadi Ziwa Jipe, kuvuka Mto Lumi, kupita kati ya nchi ya Taveta na ya Wachaga, kisha kuzunguka chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini hadi Ziwa Victoria.

Msomaji wa Biblia anaufahamu mtindo huu wa kuchora mpaka kwa maneno. Kitabu cha Yoshua, sura ya 13 hadi 19, kinayagawia makabila ya Israeli nchi kwa kutaja mabonde, miji na chemchemi. Mpaka wa Yuda unapita En-Rogeli na jiwe la Bohani. Wengi huziruka sura hizi, nayo ni hasara kubwa, maana ndizo hati za urithi: humo mabinti watano wa Selofehadi, aliyefariki bila mtoto wa kiume, wanapewa ardhi yao.

Yoshua hutaja kila kabila na fungu lake. Mkataba wa 1886 haukuwauliza Wamaasai, ambao hadi leo wana jamaa pande zote mbili.