Kete, Dado na Karata

Katika mwaka 916 msafiri wa Baghdad, Abul Hasan Ali al-Masudi, alitweka tanga katika kisiwa cha Kanbalu kurudi Omani. Kanbalu kilikuwa katika pwani yetu, na wataalamu wengi wakisia kuwa kisiwa hicho ni Pemba. Masudi alikuwa amekwisha kupita bahari nyingi, lakini bahari ya Zanji aliihesabu kuwa ya hatari kuliko zote, na aeleza kwamba wenye chombo alichopanda waliangamia baadaye katika maji yale yale. Yeye alifika salama. Nahodha ni yule yule na chombo ni kile kile. Safari moja ilifika na nyingine haikufika.

Namtaja msafiri huyu kwa sababu katika kitabu chake, Muruj adh-Dhahab, mna habari za michezo miwili ambayo mabwana wa Uajemi na Bara Hindi waliigombania kwa hoja kama watu wagombaniavyo dini. Mmoja ni nardi, mchezo wa dado. Wa pili ni sataranji. Nardi, kama Masudi alivyoipokea hadithi yake, ilitungwa iwe mfano wa dunia: vituo 12 ni miezi, kete 30 ni siku, na dado ni kudura ambayo humpa mjinga na kumnyima mwerevu. Akaja mfalme mwingine wa Bara Hindi, jina lake Balhit, asiyeridhika na mfano huo, akaipendelea sataranji, ambamo mwenye busara hushinda na mzembe hushindwa. Masudi aongeza neno la mwanachuoni mmoja wa Kiislamu, ya kuwa aliyetunga sataranji aliamini kwamba mtu ana hiari, na aliyetunga nardi aliamini kwamba mtu ameshurutishwa. Sidhani kama ubao wa mchezo umepata kubebeshwa mzigo mzito kuliko huo.

Hitilafu hiyo haikubaki katika majumba ya wafalme tu. Iliingia katika sheria. Qurani, katika sura ya Maida, yakataza maisiri, yaani kamari, pamoja na ulevi. Wanasheria wakalazimika kuuliza mchezo upi ni kamari na upi si kamari. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya wenyeji wengi wa pwani yetu, nardi iliharamishwa, na sataranji ikahesabiwa kuwa makuruhi tu, madamu hapana fedha iliyowekwa wala sala iliyosahauliwa. Kwa ufupi, hukumu ilitenga kati ya mchezo ambao mtu hujitupa mikononi mwa dado na mchezo ambao hutumia akili zake. Mtu aweza kuikubali hukumu hiyo au asiikubali, lakini hawezi kusema kwamba waliotoa hukumu hawakuujua mchezo.

Neno sataranji lenyewe limesafiri. Kwa Kisanskriti ni chaturanga, maana yake viungo vinne, navyo ni viungo vya jeshi: tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Waajemi wakaupokea mchezo na kulipindua jina, Waarabu wakalipindua tena, nalo likatufikia sisi. Lakini mchezo wenyewe haukupata kuwa mchezo wa baraza zetu. Mahali pake palikuwa pamekwisha kaliwa na bao.

Hapa naomba ruhusa ya kukaa kidogo, maana bao nalijua kwa kushindwa, wala si kwa kusoma. Nilifundishwa na mzee mmoja jirani yetu, seremala, aliyekuwa akicheza baada ya alasiri juu ya bao alilolichonga mwenyewe. Mashimo ni 32, safu nne za mashimo manane. Safu mbili ni zako na mbili ni za mwenzako. Kete ni 64, nusu kwa nusu. Mchezo huanza na namua: kila mmoja ana kete 22 mkononi, na kila zamu hutia moja. Zikimalizika kete za mkononi huja mtaji, na tangu hapo mtu huishi kwa kilichomo mashimoni tu. Katika safu ya mbele kila mchezaji ana shimo moja kubwa la mraba, liitwalo nyumba, ambalo huanza na kete sita na lina heshima zake mpaka livunjwe.

Siku za kwanza niliipenda nyumba yangu kupita kiasi. Nilitia kete, nikala kidogo, nikaiacha nyumba inenepe. Mzee hakunizuia. Alikuwa akitazama barabarani na kuitikia salamu za wapitao, nami nikadhani kwamba hakuuona utajiri wangu. Nyumba ilipofika kete 14 alitia kete moja mkabala wake, akazikusanya zote, akazisambaza upande wake kuanzia kichwani, na mkono wake haukutua mpaka safu yangu ya mbele ikawa na mashimo matupu matano. Baada ya zamu chache nilikuwa na kete 19 katika safu ya nyuma na mbele sikuwa na hata moja. Nikamwambia, "Babu, mimi bado nina kete." Akajibu, "Unazo, mwanangu, lakini umekwisha kufungwa. Kete za nyuma hazikupiganii."

Kanuni hiyo ndiyo moyo wa bao, nayo hulitenga mbali na sataranji. Katika sataranji kilicholiwa hutolewa ubaoni, na vita huisha katika uwanja uliobaki wachache. Katika bao hapana kinachokufa. Kete 64 zilizoanza ndizo 64 zinazomaliza. Nilizopoteza mimi zimekuwa askari wa mwenzangu, na zamu ijayo zaweza kurudi kwangu. Wala hashindi mwenye wingi wa kete. Hushinda aliyemkausha mwenzake mbele au aliyemwacha bila ya njia ya kwenda. Nimesoma maandishi ya wageni waliolisifu bao kuwa ni somo la hesabu. Ni kweli, lakini sifa hiyo ni ndogo. Mwenye duka hujua hesabu zaidi, naye aghalabu hufungwa.

Tena bao lina hila, ingawa hapana kilichofichwa ndani yake. Kila kete i wazi mbele ya wachezaji na mbele ya watazamaji, ambao hawanyamazi. Hila yenyewe imo katika kanuni moja: mwenye nafasi ya kula hana budi kula. Kwa hiyo fundi humwandalia mwenzake chakula. Humwachia kete mbili mahali ambapo kuzila kutaipeleka mikono yake upande asioutaka, na kuliacha shimo lake kubwa bila ya ulinzi. Yule hula kwa sababu kanuni yamlazimisha, na mara nyingi hula kwa furaha. Mzee wangu alinifunga kwa njia hii mara nyingi sana kabla sijatambua kwamba nilikuwa nikilishwa. Tangu hapo, nikipewa kitu kwa wepesi, hutazama kwanza mkono wangu utaishia shimo gani. Sisemi kwamba desturi hii imenitajirisha. Yamkini imeninyima mema kadhaa.

Kwamba bao ni kazi kubwa ya akili lilikwisha kuthibitishwa hata katika vyuo vikuu. Mwaka 1995 Mholanzi Alexander de Voogt alitoa tasnifu yake katika chuo cha Leiden juu ya uwezo wa akili za mafundi wa bao, na mafundi wa Unguja ndio waliokuwa walimu wake. Mwalimu Nyerere naye alijulikana kwa kulipenda bao. Watu hupenda kutoa hoja kutokana na jambo hilo, kwamba bao humfunza mtu kutawala. Mimi naona hoja hiyo imekwenda mbio mno. Katika kila baraza yumo fundi ambaye hafungiki kwa kete, na nyumbani kwake hana mpango hata wa kesho.

Karata ni habari nyingine, nayo msomaji aweza kuisoma asili yake katika majina yake. Karata ni neno la Kireno. Shupaza, kopa, uru na pao yatokana na majina ya Kireno ya panga, vikombe, dhahabu na marungu. Turufu ni ya Kireno, na dado pia. Wareno walifika pwani hii mwaka 1498. Ngome ya Yesu ya Mombasa iliwatoka mwaka 1698, na baada ya kurudi kwa muda mfupi katika miaka ya 1728 na 1729 hawakutawala tena kaskazini ya Ruvuma. Dola yao ilikwenda na mizinga yao, lakini karata zilibaki. Zile zenye picha ziliitwa mzungu. Na kamusi za zamani zaonyesha kwamba neno mzungu, ambalo wingi wake ni mizungu, lilikuwa na maana ya jambo la kustaajabisha, la werevu na la hila. Siwezi kuapa kwamba karata zilipewa jina hilo kwa kusudi, ila jina limekaa mahali pake.

Maana karata huleta jambo lisilokuwamo katika bao wala katika nardi: mwenzangu ajua kitu nisichokijua, nami najua kitu asichokijua yeye. Katika nardi sote wawili hatujui dado itakavyoanguka. Katika karata ujinga wetu haulingani, na palipo ujinga usiolingana uwongo hupata soko.

Mtu aliyelijua soko hilo kwa ndani alikuwa Girolamo Cardano, tabibu na mwanahesabu wa Italia, aliyezaliwa mwaka 1501 na kufa mwaka 1576. Aliandika kitabu juu ya michezo ya bahati ambacho hakikupigwa chapa ila mwaka 1663, na ndani yake alionyesha jinsi ya kuhesabu dado itaanguka mara ngapi kwa namna gani. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuona kwamba bahati ina kanuni. Lakini katika habari za maisha yake akiri kwa aibu kwamba alicheza sataranji zaidi ya miaka 40 na dado kama miaka 25, tena kila siku. Asimulia kwamba katika ujana wake, mjini Venice, alikula hasara siku mbili nyumbani kwa mtu mmoja, kisha akatambua kwamba karata zimetiwa alama. Akamjeruhi mwenye nyumba usoni kwa jambia, akajitwalia fedha, akatoka. Usiku ule ule aliteleza akaanguka majini, akaokolewa na mashua. Alipopanda, alimkuta ndani yake mtu yule yule, uso umefungwa vitambaa. Mtu huyo akampa nguo kavu za kibaharia.

Hesabu ya Cardano haikumfunza kuondoka mezani. Haya yawasikitisha watu wapendao kila mchezo uwe shule. Lakini hesabu yenyewe iliendelea mbele bila yake. Mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua juu ya wachezaji wawili waliokatizwa mchezo: fedha iliyowekwa igawanywe vipi? Katika mfano wa Pascal kila mmoja ameweka sarafu 32, na mshindi ni atakayetangulia kupata michezo mitatu. Mpenzi wa bao atatabasamu kuona 32 kwa 32, jumla 64. Mmoja amekwisha kushinda miwili na mwenzake mmoja. Pascal ajibu kwamba wa kwanza apewe 48 na wa pili 16. Kwa nini? Mchezo ujao ukimwendea wa kwanza, zote 64 ni zake. Ukimwendea wa pili, wamekuwa sawa na kila mmoja ana 32. Kwa hiyo 32 ni za wa kwanza kwa kila hali, na 32 zilizobaki zagawanywa nusu kwa nusu. Katika jawabu hili la Mfaransa haki haihesabiwi kwa yaliyopita, bali kwa yale ambayo yangaliweza kuja. Biashara nzima ya bima imesimama juu ya fikira hiyo.

Hila ilingoja zaidi. Mwaka 1928 John von Neumann alithibitisha kwa hesabu namna ya kucheza pasipo kusomeka na adui, na mwaka 1944, katika kitabu alichoandika pamoja na Oskar Morgenstern, alionyesha kwamba katika karata za poka mtu mwenye karata mbovu hana budi mara moja moja kuweka fedha kama aliye na karata njema. Asipofanya hivyo, siku atakapokuwa na karata njema kweli kila mtu atakimbia. Akifanya mno, hataaminiwa wala kuogopwa. Uwongo, basi, ulipewa kipimo kama chumvi. Hapa ndipo ninapoacha kufuatana na wanahesabu. Kipimo chao ni sahihi mezani, ambapo wote wamekaa kwa hiari na wote wajua kwamba wadanganywa. Mteja dukani hakuketi kucheza, wala mke nyumbani, wala raia mbele ya karani.

Mzee wangu hakugusa karata maisha yake. Nilipomwuliza sababu, sikupata jawabu la dini kama nilivyotazamia. Alisema tu kwamba hapendi mchezo ambao baada ya kufungwa humwezi kurudi nyuma na kuona ulipokosea. Kisha akazipanga kete upya, sita katika nyumba, mbili na mbili kuliani kwake, akaniachia nianze.