Mamba Aliyeikwepa Kamera

Katika vijiji vya wavuvi vilivyopangana kando ya barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, Magara kikiwa kimojawapo, Gustave hahitaji kutambulishwa. Ni mamba wa mto Rusizi aliyevuma kwa kula watu, na masimulizi humfikisha ziwani, kusini hadi Minago na Rumonge. Mfaransa Patrice Faye, mkazi wa Burundi kwa miaka mingi na ndiye aliyempa jina hilo, alimkadiria urefu unaopita mita 6. Idadi ya wahanga 300 imerudiwa sana bila kuthibitishwa. Hakuna aliyemkamata wala kumpima. Kuna usiku mmoja tu ambapo ubishi huu ulikaribia kupata shahidi, na shahidi mwenyewe alikuwa kamera.

Kamera ya namna hiyo, inayotegwa porini ikapiga picha yenyewe bila mtu, ilizaliwa mikononi mwa wawindaji. Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani George Shiras alikuwa akiwinda paa usiku katika maziwa ya Michigan kwa mbinu aliyojifunza kwa Waojibwa: moto huwashwa mbele ya mtumbwi, mnyama huduwaa akiutazama. Mvuvi wa ndagala anayetoka Magara na taa zake gizani angeuelewa ujanja huo bila mkalimani. Shiras aliweka bunduki chini, akashika kamera na baruti ya kuangazia. Baadaye alifunga uzi njiani ili mnyama akiukanyaga ajipige picha mwenyewe. Julai 1906, jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74.

Wakati huohuo Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa akifanya kazi kama hiyo huku kwetu, katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani ambalo Urundi nayo ilikuwa ndani yake. Katika mbuga za Kilimanjaro, wapagazi walimbebea mizigo ya kamera na vioo vya picha. Alifunga ng'ombe au punda kama chambo, akatega uzi, na simba aliporuka, mwako wa magnesi ulimulika tukio zima. Kitabu chake cha mwaka 1905 kiliwaonyesha wasomaji wa Ulaya wanyama wa usiku kama walivyo. Schillings alikuwa amekuja na bunduki. Alirudi kwao akawa mtetezi wa wanyama hao.

Uzi ulipitwa na wakati, ukafuatiwa na kihisi kinachotambua joto la mwili linapopita, pamoja na miale isiyoonekana kwa macho. Kamera ya miale hiyo ndiyo iliyofika Rusizi mwanzoni mwa miaka ya 2000, Burundi ikiwa bado vitani. Faye na wenzake waliunda kizimba cha chuma chenye urefu wa mita 9 hivi na uzito wa karibu tani moja, wakaficha kamera ndani yake. Walibadilisha chambo mara kadhaa, Gustave hakuingia. Walitega matanzi kingoni, wakanasa mamba wadogo. Wiki ya mwisho kabla ya wenzake Faye kuondoka nchini, walifunga mbuzi hai kizimbani.

Usiku mmoja dhoruba ilipiga na kamera ikazimika. Asubuhi kizimba kilikutwa kimezama nusu, mbuzi hayupo. Huenda maji yaliyopanda yalimfungulia njia, huenda aliliwa na Gustave au mamba mwingine. Filamu ya kazi hiyo, iliyotoka 2004, haikuweza kujibu.

Kwingine kamera za mtego zimejibu. Mwaka 2003 zilimnasa kanu wa Unguja katika msitu wa Jozani, na mwaka 2005, katika msitu wa Ndundulu huko Udzungwa, zilimpiga picha sange mkubwa ambaye sayansi haikuwa imemwandika. Alitambuliwa rasmi 2008. Wawindaji nao hawakuziacha. Tanzania, ambako simba dume wa kuwindwa anatakiwa awe ametimiza miaka 6, kamera hufungwa karibu na chambo ili umri wake ujulikane kabla risasi haijatoka.

Hapo ndipo penye somo kwa mwambao wa Rumonge. Mamba mmoja mwenye jina amebebeshwa vifo vya ufuo mzima, na mwaka 2019 zilipovuma habari kwamba ameuawa, hazikuja na picha wala mzoga. Maadamu lawama zote zinamwangukia Gustave, hakuna anayeuliza ni mamba yupi anayevizia pwani ipi, na saa ngapi. Maswali hayo mwindaji huyajibu kabla ya msimu kufunguliwa. Mama anayechota maji ziwani ana haki ya kujibiwa kabla yake.