Mtoto njiti: Jinsi ya kuukinga ubongo na kumlea akipata ulemavu

MTOTO anayezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, maarufu kama njiti, huwa katika hatari kubwa ya kupata mtindio wa ubongo kuliko aliyetimiza miezi. Hatari hiyo huzidi anapozaliwa kabla ya wiki 32.

Mtindio wa ubongo ni hitilafu ya mwendo na mkao inayosababishwa na ubongo kudhurika ungali unakua. Mishipa ya damu katika ubongo wa njiti ni laini, na hupasuka kwa urahisi. Si laana wala hauambukizi.

Kinga huanza kabla ya mtoto kuzaliwa. Mjamzito anayevuja damu au maji, aliye na homa, maumivu makali ya kichwa au uchungu wa mapema anapaswa kufika hospitalini mara moja. Huko, sindano za steroidi hukomaza mapafu ya mtoto, nayo magnesiamu salfeti, ikitolewa kabla ya wiki 32, hupunguza uwezekano wa mtindio wa ubongo.

Kwa mkazi wa Ruiru, Hospitali ya Thika Level 5, ambayo ni ya rufaa katika Kaunti ya Kiambu, iko umbali wa takriban kilomita 20. Inapobidi kupewa rufaa, ni heri mama asafirishwe mtoto akiwa bado tumboni, kuliko kumkimbiza njiti barabarani akipoteza joto.

Akishazaliwa, huhitaji joto, hewa na maziwa ya mama. Mnamo 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza njiti abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, mara tu anapozaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Akigeuka manjano apelekwe hospitalini upesi. Kumwanika juani si tiba, na manjano ikizidi hudhuru ubongo.

Ukuaji wa njiti huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Kwa hesabu hiyo, asiyemudu shingo kufikia miezi minne, asiyekaa kufikia miezi tisa, au anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, anafaa kupimwa. Mazoezi ya viungo yaanze mapema, bila kusubiri majibu yote.

Mtindio wa ubongo hauna dawa ya kuuponya, lakini misuli isiyonyooshwa hukakamaa zaidi. Mtoto alishwe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, asije akapaliwa. Mwenye kifafa apewe dawa bila kukatiza.

Mjini Thika, shule ya Joytown iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu hufunza watoto wenye ulemavu wa viungo. Mzazi pia anaweza kumsajili mwanawe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Wengi wa watoto hawa huelewa mengi kuliko wanavyoweza kusema. Kumficha nyumbani ni kumwongezea ulemavu wa pili.