Tundu la Sentimita 18 kwa 5

Gari la mtumba likishuka bandarini Dar es Salaam kutoka Japani, mara nyingi kinachoanza kumsumbua mwenyewe si injini wala matairi, ni redio. Anawasha, kioo kinang'aa, maandishi ya Kijapani yanajipanga, dada mmoja asiyeonekana anamkaribisha kwa lugha ya adabu, kisha anatafuta stesheni anazozijua na kuambulia mbili tatu zinazokwaruza. Betri ikiwa ilichomolewa njiani, mambo ni mabaya zaidi: kioo kinadai kadi ya ramani iliyobaki huko huko Japani, au namba ya siri ambayo mwenye gari wa kwanza hakumwachia mtu.

Hayo ndiyo yaliyonifikisha eneo la Gerezani, kwa fundi aliyekwisha kuona magari kama langu mpaka akachoka.

"Kaka, ingekuwa zamani ningekuuzia redio nyingine, nusu saa umeondoka," alisema akipapasa dashibodi. "Sasa hiyo nyingine niiweke wapi? Tundu lenyewe halipo."

Nilirudi nyumbani na neno hilo. Ukiifuata habari ya muziki ndani ya magari tangu mwanzo wake, utakuta imezunguka tundu hilo: lilivyokosekana, lilivyopatikana, na sasa linavyozibwa.

Mwaka 1930 halikuwapo. Paul Galvin, mwenye kiwanda kidogo mjini Chicago, alifunga redio kwenye Studebaker lake akaliendesha hadi Atlantic City, ambako wafanyabiashara wa redio walikuwa na mkutano wao. Hakuwa na kibanda cha maonyesho. Aliegesha nje, akafungulia sauti, watu wakamfuata. Redio ile aliiita Motorola, na baadaye jina hilo likaimeza kampuni nzima. Bei yake ilikuwa kati ya dola 110 na 130, wakati Ford jipya lilipatikana kwa chini ya dola 600. Inasimuliwa pia kwamba Galvin, akitafuta mkopo, alimfungia mtu wa benki redio kwenye Packard lake ili kumlainisha. Nusu saa baadaye gari likashika moto, na mkopo ukateketea nalo. Nimewasimulia kisa hicho mafundi umeme kadhaa, na wote wamecheka kicheko cha mtu aliyewahi kukimbilia ndoo ya mchanga.

Hatari ilikuwapo kwa sababu redio za wakati ule zilitumia valvu za kioo, nazo zilitaka umeme wa zaidi ya volti 100 ilhali betri ya gari ilitoa volti 6. Mwanzoni walibeba betri za ziada chini ya sakafu. Halafu kikaja kidude cha kutetemeka kilichoukatakata umeme wa betri ili transfoma iweze kuukuza, kikivuma muda wote kama nyuki ndani ya kopo. Kila plagi ya injini ilipopiga cheche, cheche ilisikika kwenye spika. Vyombo vyenyewe vilitawanywa popote palipobaki nafasi: spika huku, mashine kule, vitufe kwenye mhimili wa usukani. Redio ya gari ambayo Blaupunkt ya Ujerumani iliitoa mwaka 1932 ilikula nafasi ya zaidi ya lita 10, yaani nusu ya dumu letu la maji.

Transista ndiyo iliyobadilisha mambo. Mwaka 1955 Chrysler na Philco walitangaza redio ya gari isiyo na valvu hata moja. Haikungoja kupata moto ndipo iseme, haikuhitaji kile kidude cha kuvuma, na mwili wake ukasinyaa mpaka vyote vikaenea mahali pamoja katikati ya dashibodi. Chrysler hao hao, mwaka 1956, walitoa pia kinanda cha santuri cha kufungwa chini ya dashibodi, kikizunguka polepole, mara 16 na kidogo kwa dakika, ili sindano isiruke. Ningependa kukiona kikijaribiwa barabara ya Chalinze hadi Segera enzi za mashimo. Mwaka 1965 Ford walileta kanda za boksi kubwa zenye njia nane, ambazo zilikuwa na tabia ya kuhama njia katikati ya wimbo. Hizo kwetu hazikuota mizizi. Iliyoota ni kanda ndogo ya Philips, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1963.

Tundu lenyewe tunadaiwa na Wajerumani. Taasisi yao ya viwango iliandika kwamba uso wa redio ya gari uwe na upana wa milimita 180 na kimo cha 50, na mwaka 1984 kipimo hicho kikakubaliwa kimataifa. Wajapani wakazoea pia tundu la kimo mara mbili, milimita 100. Ni karatasi ya vipimo tu, lakini iliifanya redio kuwa mali inayojitegemea. Baba alipouza Peugeot 504 yake, aliuza gari bila redio, na mnunuzi hakushangaa hata kidogo. Redio kaseti ile ilihamia kwenye pikapu ya Datsun, na pikapu ilipokufa ikaingia sebuleni, ndani ya boksi la mbao, ikila umeme wa betri ya gari, spika zake zimekalishwa juu ya midomo ya mitungi miwili ili besi ipate tumbo. Tuliisikiliza hivyo miaka mingi kuliko ilivyowahi kukaa garini.

Wezi nao walikijua kipimo. Ndipo watengenezaji wakabuni redio ya uso wa kubanduka, na baa za mjini zikapata pambo jipya: mtu anaketi, anaweka mezani funguo za gari na uso wa redio, kisha ndipo anaagiza. Wapo, nasikia, walioubeba uso bila kuwa na gari.

Enzi hizo ndizo za maboksi yaliyoandikwa "wati 50 mara nne", na hapa mafundi wazee hutabasamu. Injini ikinguruma, umeme wa gari ni kama volti 14.4. Spika ya kawaida ni omu 4. Zidisha 14.4 kwa yenyewe, gawanya kwa 4, unapata karibu 52. Wati 50 za kwenye boksi zimetoka hapo, ila zinapatikana pale tu redio inapokamuliwa mpaka sauti yote imepasuka. Muziki msafi kwa kawaida haupiti wati 20 hivi kwa kila spika, iwe redio ya mwaka 1990 au ya jana. Anayetaka zaidi lazima afunge amplifaya ya pembeni, ambayo ndani yake inaupandisha kwanza umeme wa betri, na avute waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake. Matatu za Nairobi zimejengwa juu ya hesabu hiyo: redio ya mbele ni ya kuchagulia wimbo, kazi inafanywa na mashine zilizo chini ya viti, na abiria wa nyuma anaisikia sabufa mbavuni kabla ya masikioni.

Sina ugonjwa wa kusifia kanda. Kanda iliyosahauliwa juu ya dashibodi mchana wa Dodoma ilijikunja kama chapati, na ile iliyopona ilikuja na mvumo wake kama wa mvua ya mbali. Redio za kiwandani za leo zinarekebisha sauti kwa kompyuta kulingana na umbo la gari, zinapokea simu, na tangu CarPlay ilipotangazwa mwaka 2014 kioo cha gari kinaweza kubeba sura ya simu yenyewe. Kwa usafi wa sauti, mabishano yamekwisha.

Hasara iko kwingine. Kioo cha leo kinabeba pia kamera ya nyuma, kiyoyozi na mipangilio ya gari, kimeundwa kwa umbo la dashibodi hiyo moja tu. Na kimezaliwa na uraia. FM ya Japani ilianzia megahezi 76 ikaishia 90, kwa sababu juu yake palikaa stesheni za televisheni. Zilipohama, mpaka ukasogezwa hadi 95. Zetu ziko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo kwenye waya wa antena hufungwa kiboksi cha kushusha masafa: kikipunguza 16, stesheni ya 100 inakaa kwenye 84, na dereva anatembea na hesabu ya kutoa kichwani. Hata hivyo hazienei zote. Dirisha la zamani la upana wa 14 halimezi stesheni zilizotandazwa kwenye 20.

Fundi wangu alinifungia kiboksi hicho. Kwa ile namba ya siri hakushika hata bisibisi: alipiga picha tarakimu zilizokuwa kwenye kioo, akaituma kwa WhatsApp, akaagiza chai. Chai haijaisha, jibu likarudi na bei yake.

Wakati nalipa, iliingia Land Cruiser kuukuu, dereva akitaka redio ya flashi. Hiyo ilimchukua fundi dakika ishirini. Alichomoa redio kaseti kutoka kwenye tundu lake, akasukuma mpya, ikakaa. Ile ya zamani, alipoigusia umeme mezani, ilitema kanda iliyokuwa imekwama ndani. Dereva aliipuliza vumbi, akasoma ubavu wake, akaitia mfuko wa shati.