Vichwa vya Habari na Mwendo wa Historia: Manchester, Oktoba 15, 1945

Kada anayejifunza historia hana budi kujifunza pia namna ya kusoma gazeti. Gazeti la kila siku hutangaza matukio; ni mara chache hueleza mwendo wa jamii unaoyazaa matukio hayo. Tofauti hiyo tutaipima kwa siku moja: Jumatatu, Oktoba 15, 1945.

Siku hiyo wahariri wa Uingereza hawakukosa habari. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miezi miwili tu. Huko Ufaransa Pierre Laval, kibaraka wa Wanazi, alipigwa risasi kwa hukumu ya mahakama. Mwezi huo huo makuli wa bandari za Uingereza waligoma, na serikali ya chama cha Labour ikatumia askari kupakua meli. Siku tatu baadaye hati ya mashtaka dhidi ya viongozi wa Wanazi iliwasilishwa mjini Berlin. Habari hizo zilistahili kuandikwa.

Lakini siku hiyo hiyo, katika ukumbi wa Chorlton-on-Medlock mjini Manchester, ulifunguliwa Mkutano wa Tano wa Umoja wa Afrika na watu weusi duniani, yaani Pan-Afrika. Walihudhuria wajumbe wapatao 90, miongoni mwao George Padmore, Kwame Nkrumah, Jomo Kenyatta na mzee W. E. B. Du Bois, aliyekuwa na umri wa miaka 77. Jarida la Picture Post lilimtuma mpiga picha. Magazeti makubwa karibu yote yalinyamaza.

Kwa nini yalinyamaza? Kwanza, kwa tabaka lililomiliki magazeti hayo, makoloni yalikuwa mali, na mali haitazamiwi kusema. Pili, wajumbe hawakuwa na jeshi, fedha wala vyeo. Mhariri aliyezoea kupima uzito wa habari kwa cheo cha msemaji hakuona kitu pale.

Hata hivyo, jambo jipya lilikuwa limezaliwa. Mikutano iliyotangulia, tangu ule wa Paris wa 1919, ilikuwa hasa ya wasomi waliowaomba wakoloni kufanya marekebisho. Manchester walikuwapo viongozi wa vyama vya wafanyakazi, kama I. T. A. Wallace-Johnson wa Sierra Leone. Mkutano ulidai uhuru, na tamko lake liliwaita wafanyakazi, wakulima na wasomi wa makoloni kuungana na kutumia silaha ya mgomo na ya kususia. Wahenga walisema: kimya kingi kina mshindo mkuu. Ghana ilipata uhuru Machi 6, 1957. Kenya, Desemba 12, 1963. Mkutano wa Sita, wa kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, ulikutana Dar es Salaam Juni 1974.

Tusikosee tukadhani kwamba mkutano mmoja ulileta uhuru. Uhuru uliletwa na umma uliojipanga. Manchester ilitoa mwelekeo tu.

Wala tusiwacheke wahariri wa 1945 bila kujikosoa. Sisi wenyewe mara ngapi tumeandika kwa herufi kubwa jina la mgeni rasmi aliyefungua kikao, tukaacha yale ambayo wakulima waliamua ndani ya kikao hicho? Kada akisoma gazeti, na ajiulize: nani ameandika, kwa faida ya nani, na nani hakutajwa? Huyo asiyetajwa ndiye wa kwenda kumsikiliza.