Kutoka Bukhayo hadi ubingwa wa nusukaputi

Mama anayepasuliwa usiku ili ajifungue hategemei daktari wa upasuaji peke yake. Kuna pia anayemtia usingizi au ganzi, akilinda pumzi na mapigo ya moyo wake mpaka mwisho.

Kijana wa Bukhayo anayetaka ubingwa huo husoma kwanza udaktari, miaka 6 nchini Kenya, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini. Ndipo huomba shahada ya uzamili. Chuo Kikuu cha Nairobi kinaifundisha. Ng'ambo ya mpaka, Makerere huifundisha kwa miaka 3, na kutoka Busia, Kampala ni karibu kuliko Nairobi.

Shirikisho la dunia la fani hii linataka angalau mabingwa 5 kwa watu 100,000.